Fyuzi ya Nne

Datsun ya milango miwili, pua ndefu kama ya mbwa wa mawindo,
ililetwa gereji Jumanne kwa kamba, ikivutwa na trekta
kutoka Njoro. Harleen alikuwa kwenye usukani,
vumbi jeupe hadi kwenye nyusi.
"Taa zikiwaka, wipa zinalala. Wipa zikiamka,
honi inalia yenyewe. Jana imetoa moshi.
Niwekee kisanduku kipya cha fyuzi. Hicho cha zamani katupe."

Mimi situpi kitu kabla ya kukifungua.
Nililala chali chini ya dashibodi, tochi mdomoni,
Kibiwott akinipokeza bisibisi kabla sijaomba.
Kifuniko kilikuwa kimekakamaa kama ukoko wa ugali;
kilipoachia kilinimwagia usoni
vumbi la miaka ishirini na saba
na bawa moja la kumbikumbi.

Fyuzi nane za kioo kwenye vibanio vya shaba.
Ya kwanza nzima. Ya pili nzima.
Ya tatu imekatika kihalali, kioo kimepiga weusi:
hiyo ilifanya kazi yake.
Ya nne haikuwa fyuzi.

Ilikuwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara,
imeviringwa juu ya msumari, ikafungwa tepu nyekundu,
na mwisho wa tepu umekunjwa kipembe
ili atakayekuja aubandue kwa ukucha.

Nakuru nzima, hakuna mwingine anayekunja tepu hivyo.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mvua haikuwa na mwisho mwaka ule.
Bwana Jaswant alisimama chini ya bati letu saa tatu usiku,
taa zimezima, mkewe ndani akihangaika na pumu.
Fundi Ogutu, bosi wangu, kashakwenda kulala.
Duka la spea limefungwa. Nikaokota pakiti mtaroni.
"Itakufikisha Njoro," nikamwambia. "Kesho uirudishe."
Alinipa noti ya mia. Hakurudi,
nami sikuuliza.

"Fundi gani mpumbavu alifanya hivi?"
Harleen amechuchumaa mlangoni, kidole kwenye waya
ulioungua hadi kule nyuma, gamba lake limepasuka.

Kibiwott akaangalia ile pembe ya tepu, kisha mkono wangu.
Miezi minane nimemkemea ajifunze kuikunja.
Miezi minane nimemwambia: fyuzi ni uzi unaokubali kufa
ili nyumba isiungue. Karatasi ya fedha haikubali.
Inajikaza, inapitisha kila kitu,
na waya nyuma yake unaiva kimyakimya.

"Mmh-mi," nilisema.
Tochi. Ilibidi niitoe mdomoni, niseme tena.
"Mimi."

Alinyamaza mpaka lori la mbao likapita barabarani.
"Kumbe ni wewe wa 'itakufikisha Njoro'," akasema.
"Kwetu kila kitu kibovu kinaitwa hivyo.
Kiatu kilichoshonwa kwa waya, itakufikisha Njoro.
Dawa ya kikohozi iliyopita tarehe, itakufikisha Njoro."
"Na bibi yako?"
"Bibi alifika. Waya ndio haukufika."

Siku nne. Nilikata waya wote mbovu, urefu wa mkono na nusu,
nikaunga mpya, nikasugua shaba kwa msasa mpaka ikacheka.
Kisanduku kipya kina fyuzi bapa, za rangi:
nyekundu kumi, buluu kumi na tano, njano ishirini.
Taa nikazipa rilei yake, zisiinyonye swichi.
Majina aliyaandika Kibiwott, kwa herufi zake zilizolala;
"wipa" ameiandika mara mbili, nikaiacha.

Jumamosi jioni Harleen alivuta swichi.
Taa zikapaka ukuta wa ghala mkabala, manjano, zote mbili.
Wipa zikakwaruza kioo kikavu.
Halafu honi, bila kuguswa, ikalia.

"Hiyo si fyuzi," nikasema. "Hiyo ni usukani. Irudishe Jumatatu."
"Nitarudi," akasema, akitia gia.
"Asiyerudi alikuwa babu."
Tukaisikia honi hadi kona ya reli.