Pale Nilipoitwa

Bomba la jikoni limeanza tena.
Tone. Kimya cha kuhesabu nne. Tone.
Haba na haba hujaza beseni,
beseni hujaza masikio ya Apondi,
naye Apondi hunijaza mimi.

Basi Jumamosi, kabla jua la Migosi halijashika mabati,
nimevaa suruali ya kazi,
nimefunga maji kule nje kwenye mita,
nimepiga magoti mbele ya sinki kama anayeungama.
Nahitaji spana moja tu.

Spana malaya (si mimi niliyeibatiza,
ni mafundi wa Kibuye) hailali kwake.
Sanduku la vifaa lina kila kisichotakiwa:
kitasa bila ufunguo, ufunguo bila kitasa,
misumari iliyopinda ninayoitunza
kana kwamba siku moja nitapata ukuta uliopinda,
risiti ya mwaka ule tulipopaka sebule
rangi ya papai, tukajuta.
Spana, hapana.

Nyumba hii ina bisibisi saba.
Najua, maana nilizinunua mwenyewe,
moja moja, kila moja kwa kiapo.
Ukihitaji bisibisi,
nyumba hii haina bisibisi.

Nikawasha tochi kutafuta spana.
Nikaiweka chini nipekue nyuma ya kabati.
Sasa natafuta tochi.
"Si ulikuwa umeishika," asema Akeyo,
macho hayajatoka kwenye daftari.
Aliyeishika ni mimi wa dakika tano zilizopita,
na bwana yule haachi anwani.

Nikapanda darini, kupapasa.
Nyundo! Imekaa juu ya boriti,
imevaa vumbi kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni.
Miaka sita.
Nilikuwa napigilia ubao, msumari wa tatu,
Akeyo akaanguka kutoka kwenye mpera,
mkono ukapinda mahali pasipo na kiwiko.
Nani angeshuka na nyundo?

Nikaketi palepale gizani, kichwa kikigusa bati,
nikaanza kuvihesabu upya.
Futi ilikwenda Ahero
kupima urefu wa baba mdogo Ombewa.
Nilipima mara mbili, nikaandika kiganjani,
kisha kilio kikapasuka ndani ya nyumba, nikaingia.
Futi ile sikuiulizia.
Kuna vitu mtu harudi kuvidai.

Koleo nililiacha juu ya ukuta wa jirani,
waya wa kuanikia nguo ukiwa nusu umefungwa,
Apondi alipopiga simu kutoka hospitali ya Rasha.
Ni mvulana, akasema.
Halafu hakusema kitu.
Likala kutu mvua zote za Aprili,
nami nikilipita kila asubuhi
kama mtu nisiyetaka anisalimu.

Sisemi sina uzembe.
Uzembe upo, Apondi ni shahidi,
na yale makasi yaliyopatikana ndani ya friji
hayakuitwa na msiba wowote.

Nikashuka na nyundo, nimejaa utando wa buibui.
Akeyo bado anaandika.
Meza yake, ile yenye mguu mfupi,
leo haichezi.
Nikainama.
"Akeyo."
"Naam."
"Hii ni nini?"
"Mguu wa meza."
"Nimetafuta spana tangu saa tatu!"
"Ulisema spana, Baba. Hukusema mguu wa meza."

Nikauchomoa. Mahali pake nikakunja
ile risiti ya rangi ya papai, mara nane;
walau imepata kazi.
Nikarudi kwa sinki, nikabana,
nikahisi nati ikikubali, robo mzunguko,
robo nyingine, imebaki kidogo tu,

"Baba Akeyo! Njoo haraka uone!"

Hiyo sauti si ya moto wala ya nyoka.
Ina kicheko chini yake.
Sijui ni nini, lakini inaniita mimi.

Spana naiweka hapa,
juu ya kopo la majani chai, kando ya dirisha.
Hapa siwezi kusahau.
Nakuja.