Sampuli

Miaka kumi na tisa nimekata korosho
ghalani Newala, kisu kimoja, kigoda kimoja.
Magunia yanashushwa, nachota kilo,
napasua moja moja, naitazama nyama yake:
nyeupe, yenye ukungu, iliyosinyaa.
Nahesabu. Naandika. Daraja la kwanza, daraja la pili.
Mkulima ananikodolea mdomo
kama mtu anayesubiri talaka.

Damu ilianza mwezi wa minada.
Nikasema bawasiri. Nani husema vingine?
Choo ni siri ya mtu na shimo lake.
Nikanywa magome ya Bi Nambungu, nikala mapapai,
kanga niliyoifunga mara mbili
ikazunguka mara mbili na nusu.
Msimu ukafungwa, na tumbo nalo likafunga,
siku nne,
hadi mkwe wangu Swaumu, asiye na maneno mengi,
akaiona ndoo niliyodhani nimeificha.
"Mama, kesho Ndanda. Nauli ninayo."

Mimi nasema hesabu yangu ilibadilika hapo,
kabla ya kisu, kabla ya dawa:
kwenye ile "kesho".

Wakatoa utumbo wa kama shibiri,
wakautuma Dar ndani ya chupa.
Wiki tano nikakaa upande wa pili wa meza,
nami nikajua kukodolea mdomo wa mtu.

Daktari Mchopa alisoma polepole.
Kingo safi. Ini safi.
Tezi kumi na nne zimepasuliwa, mbili zina ugonjwa.
Hatua ya tatu.

Kumi na nne! Nusura nicheke.
Kumbe na huko kuna mtu na kisu chake,
anapasua moja moja, anahesabu, anaandika.
Nikauliza kama ninavyoulizwa:
"Sasa bei yangu ni ipi?"

Akasema inategemea.
Kama nitamaliza mizunguko yote ya dawa.
Kama bima haitakatika katikati.
Kama mwili utakubali kula,
kama nitarudi kupimwa hata siku nitakapojiona mzima.
"Katika mia kama wewe, wakimaliza dawa,
wengi huiona miaka mitano."
Akafunga faili. "Si wote."

Kwenye benchi la kliniki nilikaa na Nantimbo wa Kitangari,
mdogo wangu kwa miaka kumi, kifua cha mbeba magunia.
Damu yake na yangu zilianza msimu mmoja.
Fedha yake ya kwanza ilikwenda kwenye jando la mwanawe,
ya pili kwenye salfa ya mikorosho.
Alipofika, macho yalikuwa ya njano kama bibo.
Tulimzika kabla ya mvua za kupandia.
Kifua kile. Sikutegemea.

Mimi nina mfuko ubavuni.
Newala maji hununuliwa, kwa hiyo nauosha
kwa kikombe, kama anayemnawisha mtoto mchanga.
Vidole vimekufa ganzi, kisu kinaniponyoka,
wameniweka kwenye daftari.

Lipo jambo la ghalani sikumwambia daktari:
sampuli husema habari za gunia.
Ile korosho iliyobaki ndani, ganda lake zima,
haijui imo daraja gani,
na hakuna aliyeifungua.

Mzunguko wa tisa ni Jumatatu.
Nauli iko chini ya kopo la chumvi.
Nimeichungulia mara mbili leo.