Mililita

Nilipanga kama anayepanga harusi.
Chumba Kisumu, mtaa wa Lolwe, ghorofa ya chini,
maana daktari alisema wiki mbili usipande ngazi,
usiinue hata birika.
Mito minne ya kulalia nusu-kukaa.
Kiti cha plastiki cha bafuni.
Mkanda wa kubana tumbo, na wa pili
wa kuvaa wa kwanza ukiwa kambani.
Daftari la shule, la kurasa thelathini na mbili,
la kuandikia maji yatakayotoka.

Na muuguzi wa kukodi: Perpetua, siku kumi.
Nusu ya pesa nilimtumia kwa simu.
Alinijibu kwa moyo mwekundu.

Webuye nilisema ni ngiri.
Neno zuri, ngiri. Hakuna anayeomba kuiona.
Ningesemaje? Kwamba Mukhwana na Mulongo
walitoka miaka sita iliyopita,
ngozi ikabaki inaning'inia kama gunia lililomwagwa mahindi,
na ninyi mkija dukani kununua chumvi
mnaniuliza, mwezi wa ngapi?

Nilitoka hospitali nimekunjwa kama kisu cha mfukoni,
mirija miwili kiunoni, kila mmoja na chupa yake,
makomamanga mawili ya plastiki.
Nikampigia Perpetua. Mteja hapatikani.
Nikapiga tena. Hapatikani, kwa sauti ileile tamu.
Odera wa teksi alinishusha kama anashusha trei ya mayai,
akauliza, "Nani anakupokea, mama?"
Nikasema, yuko ndani.

Ndani kulikuwa na jokofu, likikoroma.
Usiku ule nililala na viatu
kwa kuwa sikuweza kuinama kuvivua.

Asubuhi mlango uligongwa kwa ngumi, si kwa vidole.
Mama mkwe. Kukhu Nasambu,
na kuku aliyekwisha kuchinjwa, na chupa ya chai.
Mwanawe alimpa neno "ngiri" na jina la mtaa, basi;
amewauliza walinzi wa mageti saba.
Hakusalimu. Alipiga magoti, akafungua kamba za viatu.
Kisha akainua fulana yangu, akatazama
mshono toka nyonga hadi nyonga,
na hapo katikati kitovu kipya, kidogo, kigeni.

"Ngiri," akasema.
"Ngiri," nikasema.
"Imeanzia Eldoret ikashukia Malaba."
Nikacheka, na kule kucheka kulikuwa kisu,
nikakumbatia mto, nikalia, nikacheka tena.
"Nyamaza. Utafumuka."

Shule hakukaa sana, ila tarakimu anazijua, za sokoni.
Saa moja asubuhi, saa moja jioni, alikamua mirija
kwa vidole vilivyokamua ng'ombe maisha yake yote,
toka juu kushuka, bila kuvuta,
akainua kikombe kwenye mwanga wa dirisha
akanisomea, nikaandika:
tisini kushoto, sabini kulia.
Sitini na tano. Hamsini.
Siku ya nne kulia kukapanda, na hakulala,
kila nikifumbua macho nakuta kiganja chake pajini mwangu
kikipima joto.
Alinitembeza uani, nimeinama kama mchimba viazi,
hadi kamba ya nguo na kurudi, damu isigande miguuni.

"Ulilipa ngapi?"
Nikamtajia nusu.
Alinyamaza, akihesabu kwa ng'ombe. Nilimwona anafika wa tatu.
"Nyumbani tutasema ilikuwa kubwa," alisema.

Usiku wa nane: ishirini na nane, ishirini na moja.
Kesho mirija itang'olewa.
Niliamka kwa kiu. Taa ya bafuni inawaka, mlango uko wazi kidogo,
na yeye, aliyezaa kumi na mmoja,
amejifunga ule mkanda wangu wa pili juu ya leso,
amesimama ubavu mbele ya kioo, amebana pumzi.

Nikafumba macho.
Nikakoroma kidogo, apate muda.