Njia ya Barua, Merindale

Mwaka wa kwanza nilikuwa na masanduku kumi na moja,
na kondoo wa Clem Tregear walinitazama kupitia waya
kama watu waliopata habari kabla yangu.
Leo nina mia saba na arobaini.
Ramani ninayopewa Jumatatu
ikifika Ijumaa imeshakuwa uongo.

Pikipiki yangu ni ya umeme, ya magurudumu matatu,
haina sauti, kwa hiyo nasikia mengi:
bunduki za misumari, ta-ta-ta, ta,
redio ya waezekaji,
mtoto, mtoto, na mtoto mwingine.

Wahesabu watu walipita mwezi wa nane.
Wakatangaza: umri wa kati hapa ni miaka ishirini na tisa.
Ningewaambia bure.
Naujua kwa uzito wa begi:
katoni za nepi, kadi za chanjo,
bahasha za benki zenye kidirisha,
na barua ya pensheni moja tu,
ya Clem, anuani ya shamba,
mahali ambapo sasa pana chekechea na bembea tatu.
Yeye yuko mjini, chumba cha nyuma kwa bintiye.
Aliuza mapema. Hapendi kuulizwa kwa bei gani.

Ardhi hii aliipima kwa kondoo,
kondoo wanne kwa eka, mvua ikikubali.
Madalali wanaipima kwa mita,
na wanunuzi, mita kwa usingizi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
hapa ya tatu mpe mkopo,
miaka thelathini, alime humo.

Harkirat, namba kumi na tisa, Mtaa wa Grevilea
(usio na mgrevilea hata mmoja),
huendesha lori usiku hadi Adelaide.
Alinionyesha ukuta wa jikoni:
urefu wa mwanawe, mistari minne ya penseli,
myembamba, ya woga,
kana kwamba benki itakuja na kifutio.

Bronwyn wa mkabala aliuza farasi riba ilipopanda.
Ikapanda tena. Akapangisha chumba cha wageni
kwa Luzviminda, nesi wa zamu ya usiku,
na sasa kitanda cha nyumba ile hakipoi,
mmoja akiamka mwingine analala,
ila paka, ambaye hajali nyumba ni ya nani.

Namba thelathini na nne walipanga Wakareni.
Msomaji wa nyumba ni Eh Moo, darasa la tatu.
Bili ya maji anasoma yeye,
daktari anamtafsiri yeye,
na siku ile alinisubiri kwenye ua na barua wazi.
Akauliza: marekebisho ni nini?
Nikasema: kurekebisha ni kutengeneza kitu kilichoharibika.
Akatazama nyumba. Hapakuwa na kilichoharibika.
Dola tisini zaidi kwa wiki, kuanzia tarehe moja.
Sheria inanikataza kusoma barua za watu.
Nilisoma mara mbili.

Walihama Jumapili, kwa safari tatu za gari la shemeji.
Mama yao, Naw Hser, hakuwahi kuandika ukutani,
ukuta wa mtu ni wa mtu.
Alikuwa akiwapima watoto kwenye boksi la jokofu,
alilolisimamisha nyuma ya mlango,
kalamu nyekundu, majina, tarehe.
Buti lilikuwa limejaa. Boksi halikuingia.
Akalikunja, akalipiga goti likatii,
akalipakata kiti cha mbele.

Mkunjo ulipita hapo hapo
Eh Moo alipokuwa na miaka sita.

Alhamisi masanduku yakawa mia saba arobaini na saba.
Thelathini na nne wamekuja wengine, vijana, mke ana mimba.
Kwenye sanduku lao bado kuna jina la krayoni.
Hawajalifuta.
Nami sijawaambia.