Chupa Kumi na Moja

Saa nane ya usiku, Szeged. Nje ya dirisha theluji
imeng'ang'ania waya kama pamba kwenye kidonda.
Mezani pangu chupa kumi na moja za dawa ya moyo,
nilizochota bila kuchagua kati ya elfu arobaini
zilizojazwa na mashine moja, zamu moja,
Kálmán akiwa kwenye swichi, nusu macho, nusu usingizi.

Mizani haina haraka, nami sina.
Nne juu. Tatu chini. Sawasawa. Nne chini.
Mbili juu. Sawasawa. Nne chini tena.
Tatu juu. Mbili chini. Nne juu. Sawasawa.
Miligramu tu, vitu vya kupeperushwa na chafya.

Najumlisha. Zilizozidi zimezilipia zilizopunguka,
deni limefutika, wastani umesimama wima
palepale lebo iliposema.
"Basi," asema Bwana Dezső, kofia mkononi. "Funga mzigo."

Baba yangu naye alikuwa, kwa wastani, mtu mpole.
Jumatatu alinisuka nywele akipiga mluzi.
Alhamisi sahani zilipaa.
Jumlisha, gawanya, utapata mzee mtulivu
anayemenya tufaha jikoni.
Huyo sikuwahi kuishi naye.

Sifungi.
Nachukua umbali wa kila chupa toka katikati,
nauzidisha kwa wenyewe,
ili iliyo chini isiifute iliyo juu,
na iliyokosa sana ilie kwa sauti yake:
mbili inakuwa nne, nne inakuwa kumi na sita.
Jumla tisini.

Nagawanya kwa kumi. Boglárka, mwanagenzi,
wiki yake ya pili hapa, ananishika mkono:
"Ya kumi na moja umeidhulumu?"
Hapana, binti. Kumi zilisema zilivyotaka.
Ya mwisho ilikuta wastani umekwisha kaa kitini,
ikabaki na jibu moja tu la kutoa.
Aliyelishwa maneno hahesabiwi shahidi.

Tisa, basi. Mtawanyiko ni tisa,
na sheria ya kiwanda inakomea kumi na sita.
Dezső anavaa kofia.

Lakini tisa ni ya hizi nilizozishika.
Zile elfu arobaini zimelala ghalani, gizani,
na mtawanyiko wao mmoja, wa kweli,
ambao hakuna jicho litakalouona.
Nafungua jedwali, kurasa zimelainika
kwa vidole vya wapimaji walionitangulia.
Nikikubali kukosea mara moja katika ishirini,
naweza kusema: haupungui nne na ushei,
hauzidi ishirini na nane.

"Mbona tisa haikai katikati?"
Haikai. Chini yake kuna ukuta, sifuri,
maana huwezi kufanana kupita kufanana.
Juu yake ni uwanda, kama ule ng'ambo ya Tisza,
unatembea mpaka soli ziishe
na bado unaona upeo.

Na hata haya yana sharti.
Ni kweli iwapo makosa ya mashine
yamejipanga kwa umbo la kengele.
Kama Kálmán alisinzia mara mbili, vibaya,
jedwali litanidanganya kwa adabu zote
na mimi nitatia sahihi.

Bwana Dezső, kumi na sita imo ndani ya mipaka yangu.
Sikusema dawa ni mbovu.
Nimesema sijui, tena nimekupimia
kutojua kwangu, huku na huku, kwa rula.
Mgonjwa wa kule Makó hanywi wastani.
Anakunywa chupa yake.

Anatazama saa. Anatazama theluji.
Kisha anavua kofia, anavuta kiti,
na Boglárka anarudi toka ghalani
na trei ya chupa arobaini, vioo vikigongana.

Ya kumi na mbili.
Naiweka. Sindano inatetemeka, inatulia.

Tano juu.