Faili la Bi Rustika

Kwenye kompyuta ya dukani, Tandika,
nina faili liitwalo Wosia Rustika.
La pili: Wosia Rustika Mwisho.
La tatu: Mwisho Kabisa.
La nne niliandika tarehe tu, nikaacha kubashiri.

Mara ya kwanza alikuja na bahasha ya kaki
iliyofungwa kwa uzi wa kushonea magunia.
Ndani: leseni ya makazi, risiti za kodi ya jengo,
picha ya marehemu mumewe ndani ya ovaroli ya bandarini.
"Chapa," akasema. "Mimi Rustika Mapunda,
mwenye akili timamu (hilo liwe la kwanza,
maana ndilo watakaloanza nalo),
nyumba yangu ya Keko, vyumba sita na choo cha nje,
nikifa iwe ya Klemensi."
Alinisimamia begani hadi nukta.
"Na kesho nikighairi?"
Unarudi, nikamwambia, tunaandika mwingine;
wa mwisho unafuta wa kwanza.
Akacheka, pengo likaonekana.
"Hiyo ndiyo karatasi ninayoitaka.
Jirani yangu alimwandikisha mwanawe nyumba angali hai.
Sasa anaomba ruhusa
kuanika kanga kwenye kamba aliyoifunga mwenyewe."

Akaghairi wakati wa Kwaresima.
Klemensi alikuja na dalali na futi ya chuma,
wakapima ukumbi
naye yumo ndani yake, anachambua mchicha.
"Waliniomba nisogeze kigoda," alisema.
Hakulia. Alinilipa buku mbili,
akasema andika Osmunda.

Osmunda alidumu miaka miwili na nusu:
uji wa ulezi kila Jumapili, dawa ya kuchua magoti,
mpaka siku aliyouliza kwa upole,
ule upole wenye kalenda mkononi,
"Mama, daktari amesemaje hasa?"

Mimi nimepanga chumba Mbagala.
Sina cha kumwachia mtu ila deni la vikoba.
Lakini nilianza kuchelewa kufunga duka
nikiwaza nyumba ile inavyohama bila kung'oa tofali,
leo ya huyu, kesho ya yule,
na mwenyewe bado anafagia uwanja wake alfajiri,
ananyunyiza maji kwanza, vumbi lisiamke.

Mara ya nne aliongozana na mashahidi wawili,
mjumbe wake na katekista mwenye tai ya kijani.
Akawataka wote watatu, sawa kwa sawa,
hata Festo, ambaye hajapiga simu tangu aende Tunduma.
"Halafu ongeza: Mama Shija wa chumba cha uani,
yule wa maandazi, asitolewe kabla mwaka haujaisha.
Ndiye aliyeniinua nilipoanguka bafuni.
Usiandike kwa nini. Andika asitolewe."
Akatia dole gumba, akafuta wino kwenye kitenge.
"Nikiamka salama nitaghairi tena," akaniambia mlangoni.

Hakughairi.

Jana, matanga yameshaanuliwa,
Klemensi alisimama kaunta na karatasi ya kwanza,
imekunjwa mara nane, imepauka kwenye mikunjo.
"Ndugu, si ndio huu wenyewe?"
Nikausoma wote, na mikono iliyouchapa ni yangu.
"Huo ulikuwa wa kweli," nikasema. "Siku ile."

Akanyamaza. Nje mtu alikuwa ananadi ndala, jozi kwa jozi.
Wenye dole gumba uko kwa katekista, nikamweleza,
mtausomewa pamoja, nyote watatu.
Akaomba walau nimtolee nakala, ayaone maneno.
Printa ikaguna, ikavuta karatasi,
ikatoa Mimi Rustika Mapunda, mwenye akili timamu,
ikafika vyumba sita na,
LUKU ikaisha.

Feni ikazunguka kidogo kwa mazoea, ikasimama.
Klemensi akaingiza mkono mfukoni,
akatoa elfu tano iliyolowa jasho.
"Nunua umeme," akasema. "Nitasubiri."
Nikamsogezea kigoda.