Fundo la Themanini na Tatu

Nilianzia hotelini, sitaficha.
Iași, ghorofa ya pili, zulia la rangi ya ini,
na Mwalimu Corvin na kipaza sauti shavuni
kama nzi aliyekataa kufukuzwa.
Siku saba, alisema, na pazia litapasuka.
Lei elfu mbili na mia nne. Chai, kila mtu na yake.

Siku ya tatu nililia. Nililia kweli,
kamasi hadi kidevuni, nikakumbatiwa na nisiowajua,
nikajiona nimefika.
Nilikuwa nimefika kituo cha basi:
mvua, kondakta akanikanyaga,
tusi likanitoka zimazima, la Kitaliano,
lugha niliyowaoshea wazee wa watu Torino
miaka tisa, mama yangu akifa huku,
akioshwa na Aurica.

Hilo ndilo nililolipia liondoke.

Mtu akanielekeza kwa Mama Pelaghia,
kule juu Neamț, misonobari na matope hadi magotini.
Nilitarajia uso wa ikoni.
Nilimkuta nusu yake imo ndani ya jiko la matofali,
akikwangua masizi kwa kijiko;
akaniambia nimshikie taa kabla hajaniuliza jina.
Kisha kamba ya sufu nyeusi, mafundo mia.
"Mia asubuhi, mia jioni. Bwana, unirehemu. Halafu ulale."
"Nitaona nini?"
"Usingizi, ukijaliwa."
"Na wewe, mama, umeona nini?"
Akafikiri. Alifikiri kweli, kama mtu anayetafuta funguo.
"Miaka arobaini na mmoja. Nuru niliiona mara moja.
Nilikuwa na homa ya mapafu."

Hakutaka hata senti.
Nikija tena, alisema, nimletee betri.

Desemba, Januari.
Fundo la kumi: bei ya vitunguu.
La ishirini na sita: mguu umekufa ganzi.
La arobaini: meno ya Corvin, humsafishia nani?
Zipo asubuhi nilizoikimbiza mia
kama anayewahi treni,
nikafika amina, mwenyewe nimebaki nyuma.
Juu ya haraka wahenga wamesema mengi;
kila kijiji kina wahenga wake. Hawakunifaa.

Februari nikapanda na betri na malalamiko.
Nikasema: hakuna kitu. Miezi mitatu, hakuna kitu.
Nilipoinua macho alikuwa amesinzia,
mdomo wazi, paka mapajani.
Nilikasirika mpaka nikacheka.
Akazinduka. "Umesema hakuna kitu?"
"Hakuna."
"Basi endelea."
Akazijaribu betri kwenye tochi, ikawaka,
na furaha iliyomjaa usoni
sikuiona hotelini hata siku ya saba.

Jumapili ya pili ya Kwaresima Aurica akaja
kwa ajili ya nyumba ya mama.
Akaanzia alipoishia mwaka jana:
mashuka, sindano, kukesha, wewe na yuro zako.
Jibu langu lilikuwa tayari, nimelinoa miaka miwili.
Likakaa. Sijui nani alilikalisha.
Nikamsikiliza hadi mwisho, na mwisho ulikuwa mbali,
na huko, nyuma ya mashuka yote,
palikuwa na neno ambalo sikuwahi kulifikia:
"Alikuwa akikuita wewe. Nikawa naitika mimi."

Sisemi ndiyo hiyo.
Kesho yake tuligombania kabati.

Fundo la themanini na tatu limefunguka.
Nilimpelekea Pelaghia; akavaa miwani, akaligeuza,
akasema siku hizi anafunga vibaya, macho,
akanirudishia kamba vilevile.

Kwa hiyo naomba tisini na tisa,
na pale palipolegea
kidole kinapita kwenye sufu tupu.
Hapo sina ninachoomba.
Hapo naitika.